Bomba la Futi Kumi na Sita

Walikuja Jumanne na orodha yao.
Aune alikuwa ameiandika nyuma ya risiti ya duka la rangi:
nyimbo saba, tano kati ya hizo tango,
la kucheza, si la kachumbari.
"Tulikutana ukumbi wa dansi, kule ziwani," alisema.
"Mimi mjane wa miaka minne,
yeye amesimama ubavuni mwa spika
kama mtu anayeota moto."

Mwaka wa ishirini na tisa huu
napiga kinanda katika kanisa hili la mbao,
kaskazini mwa Ufini, ambako Juni
jua linasahau kwenda kulala.
Nimekataa wimbo wa timu ya magongo ya barafu.
Nimekataa wa filamu, wenye farasi.
Mara moja, kwa aibu, nilikubali tangazo la kahawa,
nikalipunguza mwendo hadi likafanana na toba.

Mchungaji Rautio hana ugomvi na tango.
Hulicheza mwenyewe, vibaya, kila Agosti.
Ila ndani ya milango hii, anasema,
kila noti ijue inamwimbia nani.
Aune akaikunja risiti, mara mbili, mara nne,
ikawa ndogo kama jino.

Tauno hakusema kitu.
Miaka thelathini na mitano ya kupasua magogo:
msumeno ulimla vidole viwili
na sauti zote nyembamba,
ndege kwanza, kisha watoto, kisha kengele ya mlango.
Sikio la kufa halisikii dawa,
husemwa hivyo, tukimcheka mkaidi.
Sikuwahi kujiuliza
sikio lililokufa bila ukaidi wowote
hukaa wapi siku ya harusi yake.

Akainama, akafungua kamba za viatu.
Soksi za sufu, moja ina kiraka cha kijani.
Akasimama juu ya ubao wa tatu kutoka madhabahuni,
ule unaolalamika wakati wa komunyo,
akaniashiria kwa kidevu: piga.

Nikapiga ule wa kuingilia, wa tarumbeta,
unaoombwa na kila bibi harusi.
Akatikisa kichwa.
Nikapiga mtamu, wa filimbi. Hapana.
Aune alikuwa anatazama soksi, hanitazami mimi.
Nikapiga ile zaburi kongwe, tunayozikia,
kwa kuwa mikono ilichoka na njia hiyo inaijua,
na mguu wangu wa kushoto ukashuka
hadi bomba la futi kumi na sita,
ambalo hulisikii hasa, limo tu ndani ya nyumba
kama ng'ombe alivyo zizini usiku.

Tauno akafumba macho.
Kitabu cha nyimbo kikatembea chenyewe
hadi ukingoni mwa benchi, kikaanguka.
"Hiyo," alisema, kwa sauti kubwa mno.
"Hiyo inanipanda hadi magotini."

Ni ya mazishi, nikasema.
Aune akaliandika neno kiganjani mwake, kwa kidole.
Akalisoma. Akacheka.
"Wao waliopigiwa hawakuisikia.
Nipeni mimi."

Mchungaji alikaa na maneno yake jioni nzima,
beti zote tisa, miwani kwenye paji la uso.
Hakuona mstari wa kumkataza mtu kuoa.

Jumamosi nilifika mapema.
Nikaingia nyuma ya kinanda na tochi,
nikatoa kiota cha panya mdomoni mwa lile bomba:
nyasi, uzi mwekundu, kipande cha tikiti ya mnada.
Kisha nikakaa, nikavua na mimi.

Saa nane shangazi yake Aune alisikia noti ya kwanza,
akatafuta leso, akadhani amekosea kanisa.
Aune alikuwa mlangoni, ameushika mkono wa mwanawe.
Na kule mbele, juu ya ubao wa tatu,
bwana harusi mwenye suti ya kijivu,
viatu vipya vimepangwa pembeni, visigino pamoja,
ameanza kutabasamu
kabla hajageuka kumwona.