Mshika Pointi

Wengine wanamkumbuka kwa kanzu nyeupe.
Mimi namkumbuka kwa grisi,
Anizeti Lutonja, mshika pointi wa stesheni ya Tabora,
miaka ishirini na sita akiisukuma nondo ile kwa kifua:
huku Mwanza, huku Kigoma,
na abiria wamelala, hawajui nani kawageuza.

Tulikuwa zamu moja, ya usiku.
Yeye rozari mfukoni, mimi tasbihi,
tukigawana muhogo wa kuchoma
na asali ya Sikonge iliyotiwa katika chupa ya dawa ya kikohozi.
Simforosa, mkewe, ndiye aliyekuwa akiijaza.
Alipokufa, chupa ikakaa tupu dirishani mwaka mzima,
wala hakutaka niitupe.

Kisha akaniambia, kama mtu anayeuliza saa:
"Mrisho, nataka upadri."
Nikacheka mpaka kandili ikatikisika.
Miaka hamsini na moja! Wajukuu wawili!
Magoti yanalia kama breki za mizigo!
Askofu, nasikia, hakucheka.
Alimjibu kwa barua, baada ya miezi kumi na minne.

Seminarini wakamwita Babu,
vijana waliozaliwa yeye keshavaa sare ya reli,
wakimwazima madaftari, wakimshika mkono kwenye ngazi.
Kigiriki kilimshinda mara mbili.
Mara ya tatu, aliniandikia, "tumetoka sare."

Wiki moja kabla ya kuwekewa mikono
alikuja kwangu Ng'ambo. Hakutaka kuketi.
"Ule usiku wa chumvi," akasema.

Ule usiku wa chumvi:
mabehewa matatu kutoka Uvinza yaliacha reli, yakalala ubavu,
chumvi ikatandaa mpaka mitaroni, nyeupe pepepe,
na akina mama wa Ipuli wakafika na mabeseni
kabla ya polisi.
Hakufa mtu. Alikufa mbuzi,
na baada ya mbuzi ilikuwa zamu ya kazi yangu,
maana taa ya ishara ilikuwa mkononi mwangu
nami nilikuwa nimesinzia.
Yeye ndiye aliyeandika kitabuni,
kwa mwandiko wake wa shule ya misheni, herufi zimelala upande:
Taa ilizimwa na upepo.

"Hapakuwa na upepo, Mrisho."
"Najua."
"Uongo ni wangu, nimeshautubu.
Usingizi ni wako. Sikuugusa."
Akaaga. Akasahau kofia, akairudia,
akaaga tena.

Usoke walimpata miaka tisa tu.
Wanasema mahubiri yake yalikuwa mafupi,
na ubatizo wake wa haraka, kama anayekata tiketi honi imeshalia.
Wanasema treni ikipita katikati ya misa alinyamaza,
midomo ikimcheza,
nao wakainamisha vichwa wakidhani anasali.
Alikuwa anahesabu mabehewa.
Sikuwaambia.

Siku ya maziko nilisimama nje ya senyenge,
barakashia kichwani, viatu vya kazi miguuni.
Mwanawe mkubwa alikuwa njiani kutoka Kigoma,
na treni, kwa tabia yake, ilikuwa imechelewa saa nne.
Mapadri vijana walitazama jua, wakatazama jeneza.
Katekista akanijia mimi, mtu wa reli:
"Mzee, tuanze?"

Nikasema, subirini.
Ikishatoka Urambo haina pengine pa kwenda.

Tukasubiri. Kwaya ikaishiwa nyimbo.
Mtoto mmoja akalala juu ya udongo mpya,
na hakuna aliyemwamsha.
Mimi usingizi wangu ninao bado, Anizeti,
nimezeeka nao, sijapata wa kumkabidhi.

Saa kumi na robo ikapiga honi.
Watu wote wakageuka kumtafuta kijana madirishani,
wakipunga vitenge, wakiita jina lake.
Mimi midomo ikanicheza.
Kumi na saba,
na la mwisho lina taa nyekundu, inawaka.