Ukurasa wa Tatu

Mvua ilipokwisha, mto uliniachia
gumboti moja ya kushoto, si yangu,
na mstari wa tope ukutani, usawa wa kifua,
kama fundi aliyenipima nguo asirudi.
Managu, terere, matuta kumi na manane ya spinachi,
vyote viliteremka kuelekea Athi bila kuaga.

Redioni walisema serikali imetenga fungu.
Mimi fungu nalijua: nyanya nne juu ya gunia,
shilingi ishirini, unaziona zote,
hata iliyooza haina pa kujificha.

Wiki ya tisa orodha ikatundikwa
ofisi ya chifu, hapa Ruai, ndani ya sanduku la kioo
lenye kufuli. Ufunguo anao Bwana Tolo.
Bwana Tolo yuko likizo.
Tukajazana, pumzi zikitia kioo ukungu,
tukifuta kwa viwiko, tukisoma.
Ukurasa wa kwanza, moja hadi arobaini.
Wa pili, hadi themanini.
Kisha mia na ishirini na moja, bila haya.
Sikusoma sana, lakini miche nimeihesabu tangu utotoni.
Shimo la watu arobaini naliona.

"Umepeperuka," akasema karani.
Ndani ya kioo? Na kufuli?
Akaitazama gumboti yangu.

Ng'ambo ya barabara, Wachiuri wa fotokopi
hatupi karatasi. Zilizoharibika huzigeuza,
akaandika madeni ya wateja mgongoni mwake.
Nilikwenda kutoa nakala ya kitambulisho, ya tano hiyo,
maana kila dawati lilitaka yake,
naye akapiga hesabu ya chenji yangu
nyuma ya ukurasa wa tatu.

Wino ulikuwa umefifia upande mmoja.
Tisini na sita ilisomeka:
Mbinya Kisilu. Ekari tano. Amelipwa.
Ekari tano!
Shamba langu, nikilala katikati,
miguu iko kwa jirani.
Kitambulisho ni changu, tarakimu zote.
Simu si yangu.

Nikaipiga.
"Haloo," sauti ya mwanamke, sauti ya mtu aliyekula.
Naongea na nani?
"Mbinya. Mbinya Kisilu. Wewe nani?"
Sikuwa na jibu la haraka.
Nyuma yake mtoto alilia,
akambembeleza, tena akambembeleza vizuri,
na hilo ndilo lililoniuma.

Usiku nilisonga ugali, nikabakiza kidogo.
Alfajiri, kabla ya karani, nikaubandika ukurasa
juu ya kioo, upande wetu wa kufuli,
kwa kiporo kilichoteleza vidoleni kama gundi.
Mkono ulitetemeka. Ukakaa mshazari.

Saa mbili tulikuwa wengi.
Nyaboke alijipata mia na nne.
Mama mwenye leso ya zambarau
akamkuta marehemu mumewe, ekari saba, amelipwa;
akacheka mpaka akaketi chini kwenye tope.
Hakuna aliyepiga kelele.
Mmoja alisoma majina kwa wasioona mbali,
polepole, kama anayepanga nyanya juu ya gunia.

Karani akafika na chai yake kwenye chupa,
akaomba njia.
"Subiri," nikamwambia,
"hatujafika mia na ishirini."