Jina la Kibanda

Kasisi wa Hjälmaryd aliandika kwa unyoya wa bata bukini,
wino wake sasa una rangi ya chai iliyosahaulika mezani.
Nasoma kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza:
*Sven Dolk, askari, namba sitini na tatu.*

Dolk si ukoo. Dolk ni jambia.
Jeshi lilimpa jina pamoja na koti la buluu,
maana kikosini walikuwamo akina Sven kumi na wanne,
na mmoja akiitwa waligeuka wote.

Mashamba manne yalichanga kumlisha:
pipa la shayiri, nyasi za ng'ombe mmoja,
soksi za sufu, kibanda cha magogo chenye dirisha moja.
Yeye alichanga mwili.

Septemba 1757 walivuka bahari kwenda Pomerania.
Februari, Stralsund: *homa*.
Neno moja tu.
Shangazi Ragnhild, aliyenitwika kazi hii,
aliahidiwa tangu utotoni farasi na bendera.

Nikafungua ukurasa.
Mei, mwaka uleule: *Dolk, askari, namba sitini na tatu*,
yu hai, kibandani mlemle, mkewe Kerstin,
kimo kimeongezeka inchi tatu.

Nilidhani kasisi amelewa.
Kumbe jina lilibaki limetundikwa msumarini,
akaja Måns, mtoto wa mchoma makaa, akalivaa.
Na Kerstin, mjane wa miezi mitatu, mimba ikiwa juu,
alikuwa na njia mbili:
atoke na kifurushi chake barabarani,
au abaki na kitanda, abadili mume.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Mimi nyumbani nina blanketi mbili; sina neno.

Ingeborg, aliyetuzaa sisi sote,
alibatizwa wiki ya mwisho ya Juni.
Nimehesabu kwa vidole mara tano, nikarudia kwa kalenda:
siku zinamfaa Sven, kwa shida,
na zinamfaa kijana yeyote aliyebaki kijijini kuchoma makaa.
Kasisi hakujisumbua. *Baba: Dolk.*
Kitanda hakizai haramu, nalo jina halina damu ya kupimwa.

Shangazi amepiga simu: Haya, ni yupi?
Kwenye sahani ya ukutani anataka kuchora jina na mwaka.

Nikamsomea karatasi ya mwisho niliyoipata,
ukaguzi wa vibanda vya askari, 1771:
*Paa linavuja upande wa kaskazini. Ng'ombe mzee.
Madirisha mawili.*

Mawili, Shangazi.
Mtu alichukua shoka akatoboa ukuta wa jeshi bila ruhusa,
pale ambapo mwanamke huketi kushona.

Akanyamaza. Nikasikia sufuria yake ikichemka.
Ng'ombe, akasema, hawakuandika jina lake?