Jagi la Maji Mezani

Noeline Tuffery anagombea udiwani.
Bango lake amelifunga kwa waya kwenye ua wa kondoo,
uso wake mkubwa kama mlango wa friji,
na chini: ULIZENI NANI ANAFAIDIKA.
Kondoo wamejikuna hapo hadi herufi mbili zimebanduka.

Mimi ni fundi wa maji wa mji huu wa Otapare.
Miaka ishirini na sita nafungua valvu, napima klorini.
Bomba likipasuka saa nane za usiku, kipupwe cha kusini kikichoma,
ni mimi ninayeshuka mtaroni, tochi mdomoni.
Juzi posta imeniletea kijitabu cha wagombea.
Katika maneno mia na hamsini anayopewa kila mmoja
Noeline ametumia arobaini juu yangu:
upo mkono, anasema, unaotia dawa ya usingizi kwenye tangi,
ndiyo maana watu wa hapa hawaulizi kitu.

Nautazama mkono. Una sugu. Una plasta kidoleni.

Hakunitaja jina, na hilo ndilo lililoniuma.
Maana Merenia wangu alipokuwa akifa, mwezi ule wa barafu,
ni Noeline aliyevuka barabara kila jioni na sufuria ya supu ya shayiri,
akamkata kucha, akamchana nywele,
akanifukuza nikalale.

Sikumbuki alianza lini.
Labda Jumanne ile walipotuambia kiwanda cha nyama hakifungwi,
na Ijumaa tukakuta mnyororo langoni.
Des, mumewe, alisimama pale na kisu chake ndani ya kitambaa,
hajui akipeleke wapi.
Baada ya hapo Noeline akaanza kuhesabu:
mistari meupe ya ndege, nguzo za simu,
siku ambazo mbwa hakubweka.

Mdahalo ulikuwa ukumbi wa klabu ya raga.
Corwin Haldane, muuza matrekta, naye mgombea,
akasema taa mpya za barabarani zinasoma mawazo.
Sauti nyuma ikajibu: basi hapa zitapata hasara.
Tukacheka, hata Noeline.
Kisha nikaitwa nieleze floraidi.
Nikasoma vipimo kwenye karatasi, miligramu kwa lita,
mtu akapiga miayo, mtoto akadondosha keki.
Ukweli wangu ulikuwa na desimali.
Wake ulikuwa na adui.

Ameshinda kwa kura kumi na moja.

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge,
nikajisemea nikipanga viti vya kikao cha kwanza,
na, sikatai, nilifurahi kidogo:
sasa atakutana na bajeti, atakutana na mitaro,
atajua serikali yetu kubwa ya siri ni watu saba
na mashine ya kahawa mbovu.

Lakini alikuwa amesoma makabrasha yote.
Yote. Hata viambatisho, ambavyo meya mwenyewe hasomi.
Akavaa miwani, akauliza polepole
kama mtu anayepapasa ngazi gizani:
"Bomba la Mtaa wa Rata. Nani alijua, na tangu lini?"

Meya akatazama saa.

Ripoti ile niliiandika mimi, miaka tisa iliyopita.
Kurasa nne: bomba la asbesto, limelainika
kama biskuti ndani ya chai.
Nikaambiwa, iweke kwanza, uchaguzi upite.
Nikaiweka. Droo ya tatu, chini ya katalogi za pampu.
Chaguzi tatu zimepita.
Haikuhitajika dawa yoyote ya usingizi.

Mezani kuna jagi nililolijaza bombani asubuhi.
Noeline hajaligusa; chupa yake ya maji ya mvua iko kando ya kiti.
Koo lililokauka ni langu.
Ananitazama, si kama adui,
ananitazama kama jioni zile mlangoni,
sufuria mikononi, akingoja nimfungulie.

Nainua mkono. Huu huu, wenye plasta.