Siku Saba, Kilo Kumi

Emrys anapima begi kwa utepe wa marehemu mama yake,
ule wa cherehani, uliofutika tarakimu.
"Hamsini na tano," anasema. "Na magurudumu je?
Magurudumu ni begi, au ni miguu ya begi?"
Simjibu. Nina ramani mbele yangu
na kikombe cha chai kimekaa juu ya Sicily.

Nje, Swansea inanyesha kama ilivyonyesha jana.
Mvua hii haina pupa wala hasira,
ni mgeni aliyekwisha kuvua viatu.

Gozo ni kidogo hivi:
kidole changu cha shahada chakifunika chote,
makanisa, mashamba ya mawe, vidimbwi vya chumvi ufukweni,
na kichochoro cha Bi Ġuża anayekodisha chumba.
Nikiinua kidole, bado kipo.
Nimejaribu mara tatu usiku huu.

Saa tatu angani kutoka Bristol,
kisha basi, kisha feri, dakika ishirini na tano.
Kwenda Bangor kwa dada yangu ni mbali zaidi,
na huko ukifika unapewa koti.

Huu ni mwaka wa kumi na moja tunaipanga.
Wa kwanza lilikuwa paa.
Wa pili boila, iliyokufa usiku wa Krismasi
tukala bata mzinga na glavu mikononi.
Kisha arusi ya Nerys.
Kisha talaka ya Nerys, iliyotugharimu kuliko arusi.
Kisha goti.
Haba na haba, kibaba tumekijaza,
hakuna aliyetuambia kwamba kibaba kina tundu.
Pesa ziko kwenye kopo la biskuti
na kila mwaka kuna mkono unaoingia.
Mara nyingi, nisiseme uongo, ni wangu.

Bi Ġuża ameandika leo asubuhi:
ngazi ni kumi na nne mpaka chumbani,
mume wangu atabeba mzigo
na ikibidi atambeba na Bwana Emrys.
Paka wa uani si wetu, msimlishe,
mtamlisha tu, wote humlisha.
Emrys kayasoma haya kwa sauti,
kisha akasimama chini ya ngazi zetu akihesabu.
"Kumi na tatu," akasema.
"Basi ni moja tu iliyo ya ugenini."

Lakini tangu hapo amerudi kwenye begi.
Anataka kubeba majani ya chai,
kana kwamba wenzetu hawajui kuchemsha maji.
Anataka mwavuli. Anataka tochi.
Anataka kaptura ya kuogelea aliyoinunua
mwaka tuliomzika baba yake,
na bado, Mungu amrehemu, anaamini inamtosha.
Nani atazima taa? Nani atamwambia muuza maziwa?
Na Nerys akipiga simu analia?

Kila swali ni tofali. Naujua ukuta huu,
nimeujenga naye, nikimpa chokaa.

Saa tatu usiku ametoka kuburuta mapipa ya taka
kwa kuwa kesho ni Jumanne.
Bei imepanda pauni sita tangu tulipokula.
Nikaandika jina langu kama lilivyo kwenye pasipoti:
Glenys Eluned,
jina refu ambalo halijawahi kwenda popote.
Nikaandika lake.
Nikaandika tarakimu tatu za mgongoni mwa kadi.
Magurudumu ya mapipa yalikuwa yakinguruma barabarani,
la kwanza, kisha la chupa,
na kiduara kikazunguka kwenye kioo,
kikazunguka,
nami nimeshika ukingo wa meza
kama mtu aliyeko ndani ya feri.

Akaingia, nywele zinachuruzika,
akauokota utepe sakafuni.
"Tulikuwa tumefika wapi?"

"Kwenye magurudumu," nikamwambia.
"Pima tena."