Kidole Kimoja

Mbarouk aliiingiza pikapu ya marehemu babake
uani kwangu, Machomane, inakohoa,
akashuka bila kuzima.
"Fundi Faki, nataka iruke.
Mlima wa Mtambile kila mtu ananipita.
Juzi kanipita mtu na vespa,
kapakia mke na kapu la boflo."

Nikacheka. Nikatega sikio kwenye boneti.
Nguvu anayo huyu, nikasema,
ila hajui pa kuanzia.

Tabo ya kusukuma hewa hana pesa yake,
nami sina ya kumkopesha.
Basi flaiwili nikaipeleka kwa Ussi, mchonga vyuma,
akaila mpaka ikapungua kilo nne.
Nikatia difu ya lori dogo,
inayovuta zaidi ya kukimbia.
"Mbio za juu utazikosa," nikamwambia,
"lakini Pemba hii
utakwenda mia na arubaini uangukie wapi?"
Nozeli nikaziosha. Eksozi nikaipanua.
Skrubu ya pampu nikaipa robo duru,
kisha nikairudisha kidogo,
maana moshi mweusi ni pesa ya mtu inapaa.

Ukabaki uzito.
Tukang'oa vyuma vya kuzuilia magunia,
benchi alilokalia bibi harusi, mamake Mbarouk,
betri mbili zilizokufa,
tairi la akiba lenye kiota cha panya.
Kila kitu kilipotua chini
springi zilipanda unywele mmoja,
na kijana akapiga mluzi.

Nyuma ya kiti, ndani ya gunia lililoganda grisi,
pishi mbili za bati.
Ukizitazama mbali mbali, ni pacha.
Ukizipanga, moja imeizidi ya pili
kidole kimoja.

Mluzi ukakatika.
Mikono yake ilijua kabla ya ulimi:
ndogo ya kuonyeshwa sheha,
kubwa ya kupimia karafuu mbichi
za watu waliolipwa kwa pishi,
waliopanda na nyota, wakashuka
na vidole vyeusi kwa utomvu.

Alininyanyulia macho, labda nikanushe.
Mimi nilikuwa natazama mshono.
Lehemu imepita mara mbili penye maungio,
kwa sababu aliyeshika chuma cha moto
alikuwa na miaka kumi na saba
na mkono unamtetemeka.

"Ongeza kidole kimoja," mzee aliniambia
mwaka ule matawi yalipovunjika kwa mavuno.
"Kimoja tu, Faki." Akanilipa papo hapo.
Sikuuliza.
Fundi akiambiwa aongeze, anaongeza.
Mwaka ule mamangu naye
alichuma kwao.

Tukaijaribu alasiri, chini ya mlima,
Riziki mwanangu ameshika simu anahesabu.
Kutoka kusimama hadi sitini
zamani ilikuwa sekunde thelathini na moja.
Kumi na tisa, baba! Kumi na tisa!
Mgongo wangu ulinata kwenye kiti,
mihogo ya kando ya njia ikawa mstari wa kijani.
Mbarouk hakupiga kelele.
Alishika usukani
kama mtu aliyeazimwa.

Aliponilipa nikatoa elfu kumi, nikamrudishia.
Akanirudishia.
Tulisukumana nayo ile noti mara tatu
na hakuna aliyesema ni ya nini.
Ikaishia kwa Riziki.

Pishi kubwa akaiweka kitini, ubavuni pake,
akaivuta mkanda, akaifunga.
Gari lililoweza kuruka
likatoka uani kwa gia ya kwanza,
taratibu, kama limesheheni,
likakata njia ya Vitongoji
kwa wachumaji wachache waliobaki.
Wangu hayupo wa kupelekewa.

Ndogo aliiacha juu ya meza yangu.
Sijui kama alisahau.
Naitilia nati na misumari.
Inajaa upesi.