Kioo cha Kinga

Lenzi niliinunua kwa Vazha, sokoni Batumi,
mia moja hamsini hadi mia sita,
nzito kama mtoto aliyepitiwa na usingizi.
Akaapa kwa kaburi la mamaye: haijaanguka, haijalowa.
Nikalipa. Nikapanda basi la Sakhalvasho
nimeipakata, sikumpa mtu.

Septemba mwewe hupita juu ya kilima chetu kwa maelfu,
bahari kuliani mwao, milima kushoto,
wanapenya katikati kama uzi kwenye tundu la sindano.
Siku ya kwanza nikapiga picha mia tatu na kumi na mbili.
Jioni nikazifungua kwenye kompyuta ya mjukuu:
mwewe wote wa pamba.
Manyoya hayana ncha. Jicho,
tone la wino kwenye karatasi mbichi.

"Mkono, bibi," Tornike akasema. "Mkono wako unatetemeka."
Mkono huu? Miaka thelathini na minne zahanati
umetafuta mishipa ya vichanga na kuipata.
Nikanyamaza, nikanunua miguu mitatu.
Pamba.
Nikaongeza kasi, sekunde moja nikaikata vipande elfu mbili,
kasi ya kumgandisha nzi.
Pamba, na sasa ina chembechembe.
Nikabana tundu la mwanga hadi nane, hadi kumi na moja.
Nikazima kitulizi, maana juu ya miguu mitatu
huhangaika kutuliza kilichokwisha kutulia,
kama jirani yangu Nazibrola msibani.
Afadhali kidogo. Afadhali ya mgonjwa
aliyegeuka upande wa pili.

Mchana nikaona joto likicheza juu ya mabati ya ghala la chai,
nikasema, mwizi ndiye huyu.
Nikadamka alfajiri, hewa ya baridi, tuli.
Mwewe mmoja akainuka kutoka msituni, chini kabisa,
kwa macho yangu nikamwona hadi kucha.
Kwenye picha:
unajua.

Hapo jina la Vazha likaanza kuwa chungu mdomoni.
Usiku nilitunga maneno ya kumwambia mbele ya wateja wake,
na mamaye sikumwacha apumzike.

Lakini muuguzi haandiki ugonjwa kabla ya kupima.
Nikabandika gazeti ukutani,
ukurasa wa tanzia, kwa kuwa herufi zake ndogo.
Hatua kumi na tano. Kamera nikaitegea ijipige yenyewe, nisiiguse.
Mia moja hamsini. Mia tatu. Mia nne. Mia sita.
Kadiri nilivyowavuta karibu, ndivyo marehemu walivyofifia,
katikati na pembeni sawasawa.
Nikaacha kulenga kwa mashine, nikazungusha pete mwenyewe,
polepole, kama atafutaye mapigo.
Palepale.

Nikailaza lenzi mapajani niifute,
kidole kikagusa, mdomoni mwake, pete nyembamba
yenye kioo.
Kioo changu.
Nilikinunua siku ileile, kibanda cha pili, lari sita,
lenzi isije ikapata mkwaruzo.
Na Vazha aliniambia, "Tsiala, kitoe hicho,"
nami nikadhani ana cha kwake cha ghali anataka kuniuzia.

Kilikuwa kimeng'ang'ania. Nikakizungushia raba ya mtungi wa jamu,
nikakikaza, kikalia, kikatoka.
Mia sita. Nikabonyeza.

Marehemu wakarudi wote, na umri wao,
na nukta, na nyuzi za karatasi,
na nzi aliyetua juu ya jina la mtu,
miguu sita, naweza kuihesabu.

Kesho nateremka mjini na mtungi wa jamu ya tini.
Sijui nitaanzia wapi:
ugomvi wote tuliugombana kichwani mwangu,
Vazha mwenyewe hana habari.
Kile kioo nimekiweka dirishani.
Nakitazama, natazama kupitia kwake,
naona machenza mabichi, ua, kamba ya nguo.
Kisafi. Hakina kasoro hata moja.